Vayolini za Runzewe

Sijawahi kuona watu wenye maoni mengi juu ya muziki wasioujua kama wateja wa mdogo wangu pale Runzewe, kwenye machimbo ya dhahabu. Wanakaa kwenye mabenchi ya banda lake la video, suruali zimejaa vumbi la mawe, wanabishana kuhusu vayolini. Vayolini! Mtu hajawahi kuiona hata kwenye kalenda, lakini anakwambia bila aibu kwamba ile ya mwishoni "inalia na mtu moyoni". Debe tupu haliachi kuvuma, na pale Runzewe kulikuwa na madebe ya kutosha kuezekea soko.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimefundisha Kambarage, mjini Shinyanga, miaka mingi. Nimewatoa watu kwenye kupiga makelele mpaka wakaimba sauti nne kwa nota, na aliyekosea nilimsimamisha mbele ya wenzake arudie peke yake. Wengine walihamia kwaya nyingine kwa ajili ya mdomo wangu. Waende salama.

Mdogo wangu naye aliuchukua mdomo wa familia akaupeleka kwingine. Alikuwa mtafsiri wa filamu, "dijei" kama wateja wake walivyomwita. Si wa kurekodi kwenye sidii. Yeye alikaa mwenyewe pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akapunguza sauti ya filamu, akawasimulia watazamaji kwa Kiswahili palepale. Mzungu akisema neno moja, yeye anasema kumi na mawili. Anaweka na utani wa Kisukuma, anamwita adui "shemeji", watu wanavunjika mbavu. Muziki wa filamu, ambao watu wazima wenye elimu zao walikaa wakautunga na wengine mia wakaupiga, ukabaki chini kabisa kama redio ya jirani.

Hilo lilinikera. Nilikwenda mara moja tu kumtembelea kazini, miaka kadhaa nyuma, siku aliyokuwa anaonyesha ile filamu yao waliyoipenda kupita zote. Ni hadithi ya watu wanaohama dunia iliyokauka maji, wanapanda chombo kwenda kutafuta sayari nyingine ya kuishi. Nilivumilia nusu. Okestra inapanda, tarumbeta zinaitana, na mdogo wangu anazungumza juu yake bila kuvuta pumzi. Nikainuka.

"Dada, subiri basi, pazuri hapajafika," akaniambia kwenye kipaza sauti, banda zima likisikia.

"Unamharibia mtu kazi yake," nikamjibu, nikatoka kwenda kutafuta gari la kunirudisha.

Tangu siku hiyo kila alipopiga simu nilimsema kwa hilo. Yeye alicheka tu. Alinipa habari za mashabiki wake, jinsi wanavyoirudia filamu ileile kila wiki kwa sababu ya "muziki wa mlangoni". Mlangoni ni pale rubani anapomwacha mama yake duniani, nafasi zimejaa, mlango wa chombo unajifunga taratibu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amesoma kwenye simu kwamba muziki wa filamu hiyo umepigwa kwa vayolini, basi ikawa ni vayolini asubuhi, vayolini jioni. Na aliyejifanya mkuu wao alikuwa mwanamume anayefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Amesaga mpaka masikio yamekufa. Ukimwamkia lazima urudie. Huyo ndiye jaji wa muziki! Nilimwambia mdogo wangu, wewe unampigia mbuzi gitaa.

Halafu koo likaanza kumsumbua. Sauti ilikwaruza mwezi mmoja, miwili, nikamlazimisha aje Shinyanga. Daktari wa hospitali kubwa akatuambia kuna kinyama kimeota kwenye koo, lazima kitolewe, na hakuna wa kuahidi kwamba sauti itarudi. Mdogo wangu hakuuliza kama atakufa. Aliuliza kama ataweza kutafsiri. Daktari akaangalia karatasi zake.

Alipona. Sauti haikurudi. Alibaki na kitu kama upepo unaopita kwenye mwanya wa dirisha, na hicho nacho daktari alisema akitumie kwa uchache. Akakaa kwangu Kambarage na kitambaa shingoni, anatazama ukuta. Mtu aliyekuwa na maneno kumi na mawili kwa neno moja! Niliumia, sitaficha. Siku moja akaniandikia kwenye simu na kunionyesha: "Dada, twende Runzewe. Watu wakizoea banda lingine hawarudi. Mimi bila lile banda ni nani?"

Tukaenda. Nami, kwa akili zangu, nikaona huo ndio wakati wa kuwaelimisha. Nilibeba spika mbili za kwaya, zile nzuri, tulizonunua duka la Mhindi mmoja pale mjini ambaye hata yeye aliniambia nisizipigie ujinga. Nikazifunga bandani mwenyewe. Jumamosi saa nane mchana wakajaa, maana walisikia dijei wao amerudi. Walimshika mkono mmoja mmoja. Mimi walinipa shikamoo, nikaitikia, nikasimama mbele.

"Leo," nikasema, "mtausikia muziki wenyewe. Hakuna mtu kuongea juu yake. Nimewaandikia maelezo ya hadithi kwenye ubao, someni, kisha mfunge midomo mfungue masikio."

Nikaweka sauti juu. Jamani, ilikuwa nzuri! Besi zilitembea kwenye mabati, vayolini zikaingia taratibu, zikajikunja, tarumbeta zikajibu kutoka mbali. Nilisikia mwili unanisisimka. Nikageuka kuwaangalia. Mmoja anakula karanga. Mwingine amelala. Mwanamume wa karasha amekunja uso kama aliyepewa chai bila sukari.

Tukafika mlangoni. Rubani analia, mama yake amesimama kwenye vumbi, mlango unajifunga, okestra nzima inapanda kwa pamoja. Mimi machozi yananilenga. Bandani zikaanza kelele.

"Wameukata!"

"Hii kopi feki, Mwalimu. Muziki wa mlangoni haumo."

"Vayolini iko wapi?"

Nikasimamisha filamu. Nikawaambia nilichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo. Niliwaambia hizo ndizo vayolini, thelathini kwa pamoja, na kwamba wao ni wajinga wasiojua kushika hata tuni ya kengele ya shule, na kwamba nawahurumia waliotunga kazi ile kwa ajili ya masikio kama yao. Nilisema mengi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake kileile pembeni ya televisheni, kichwa chini.

Mwanamume wa karasha akainua mkono kama mwanafunzi. "Siyo hiyo, Mwalimu. Pale dijei alikuwa ananyamaza. Anazima sauti yote, halafu anatupa muziki wenyewe kwa mluzi. Alikuwa anatutafsiria. Ndiyo vayolini yetu hiyo."

"Anawatafsiria muziki?" Nilicheka, nadhani nilicheka vibaya. "Muziki unatafsiriwa?"

"Sasa kama maneno tulikuwa hatuyajui akatupa, muziki wao tungeujuaje?"

Na akapiga mluzi. Mbaya, umepinda, pumzi nyingi kuliko sauti. Bado nilikuwa nacheka alipofika sauti ya nne. Hapo kicheko kikaniishia.

Ulikuwa mluzi wa baba yetu. Ule aliowaitia ng'ombe jioni, akiwa amesimama penye lango la boma la miiba, wao wakiwa ng'ambo ya mbuga. Sauti tatu za kushuka, moja ya kusubiri, halafu mkia mrefu. Ng'ombe kiongozi alikuwa anainua kichwa, anageuka, na wengine wote wanamfuata, mpaka wa mwisho aingie na lango lifungwe. Nilikuwa na miaka minane nilipoujaribu jikoni, nikaupata wote. Baba akaja akanipiga kofi. "Yaya!" akasema, yaani hapana. Mwanamke hapigi mluzi. Mdogo wangu alikuwa mlangoni anaona. Baba amekufa zamani, boma limelimwa pamba, na mimi sikuufikiria mluzi ule tena.

Na nilikuwa nimetoka bandani kabla pazuri hapajafika. Miaka yote hiyo nimemsema kwa simu kuhusu muziki ambao sikukaa kuusikia. Nyani haoni kundule.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amechukua rimoti. Akairudisha filamu nyuma mpaka mama yake rubani amesimama tena kwenye vumbi, akazima sauti yote ya spika zangu nzuri, kisha akajaribu mwenyewe. Alikunja midomo, akavuta pumzi. Ulitoka ule upepo wa dirishani, basi. Watu wakainamisha macho chini. Akajaribu tena mpaka akakohoa na kushika kitambaa, halafu akanigeukia. Hakuandika kitu kwenye simu. Alininyooshea kipaza sauti.

Mimi, mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya wala karanga. Nilikipokea kwa hasira, maana sikujua kukipokea vinginevyo. Midomo ilikuwa mikavu. Mlango ukaanza kujifunga nami nikapiga mluzi, sauti tatu za kushuka, moja ya kusubiri, na mkia.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama mdomoni, machozi yanamtiririka, na kidole chake cha shahada kinaelekea juu, juu, kama mimi ninavyowafanyia soprano wangu. Sikumwelewa. Mlango ukajifunga.

Mwanamume wa karasha akainua mkono tena. Mtu ambaye salamu lazima umrudie mara mbili.

"Umejitahidi, Mwalimu," akasema. "Ila mwishoni umeshusha. Dijei alikuwa anapandisha, ili yule wa mwisho kabisa asikie."

Na punda yule alikuwa amesema kweli. Baba alikuwa anapandisha. Mdogo wangu akarudisha filamu nyuma, nikalowesha midomo, nikarudia peke yangu mbele yao wote.