Nesi wa Kwenye Picha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau tangu nikiwa na umri wako, na sasa nimeacha kujaribu. Nitakusimulia. Keti. Mimi nimestaafu, na mstaafu hana zamu ya kuwahi.

Mnakuja hapa kwangu Ng'ambo, Tabora, kuniaga, nyinyi mliomaliza chuo cha uuguzi. "Shikamoo Mama, kesho nakwenda Katavi." "Shikamoo Mama, nimesikia Geita wanachukua watu." Marahaba, marahaba. Mna vyeti kwenye bahasha ya kaki na begi moja, mnakwenda kutafuta kazi ya kwanza mahali msipomjua mtu. Siwacheki, maana nilifanya hivyo hivyo. Ila wiki iliyopita mmoja wenu alinionyesha simu yake. Picha amevaa sare nyeupe, saa imening'inia kifuani, mkononi kashika faili la mgonjwa. Chini yake ndugu na jamaa wamemjazia hongera. Nikamuuliza, "Umeshaajiriwa?" Akasema, "Bado Mama, ila nyumbani wamechoka kuuliza." Nilimrudishia simu yake, na chai yangu sikuimaliza.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, kijiji cha mbele kidogo ya Urambo, kule reli inakopita. Babu zetu waliifuata njia hiyo kwa miguu, mizigo kichwani, kwenda pwani na kurudi. Bibi alitulea kwa habari zao, na katika habari hizo hakuna aliyechekwa kama mtu aliyerudi kutoka safari mikono mitupu. Heri angekufa njiani, bibi alikuwa akisema, na sisi watoto tulicheka. Ndiyo malezi niliyosafiri nayo.

Nilipomaliza chuo, serikali ilikuwa haiajiri. Nikasikia Nzega wanahitaji wauguzi. Siku hizi Nzega ni lami tupu, lakini wakati ule ilikuwa treni mpaka Tabora, kisha basi la vumbi, siku mbili kama una bahati. Nilifika, karani akakisoma cheti changu mbele na nyuma, akaniambia nafasi hakuna, niache barua. Niliacha. Kila Jumatatu nilikwenda kuulizia, na kila Jumatatu barua yangu ilikuwa palepale juu ya kabati lake. Njaa ilipoanza kunizoea nikapata kibarua cha kupiga pasi katika nyumba ya wageni ya misheni. Pasi ya mkaa, mashuka ya mapadre, na chakula cha jikoni kwao.

Nyumbani nilikuwa wa kwanza kijijini kuvaa sare ya uuguzi. Ningeandikaje kwamba napiga pasi? Nikavaa gauni langu jeupe la chuoni na kofia, nikaenda studio, nikapiga picha. Nyuma yake nikaandika: "Nipo wodi ya wazazi. Akiugua mtu, mleteni kwangu." Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyeniomba, mwanangu. Niliyaongeza mwenyewe kwa utamu. Na wala sikuona kuwa ni uongo. Nilijiambia kazi inakuja, na ikija picha itakuwa kweli. Baba akaitundika ukutani, na watu wakawa wanapita kuitazama.

Haikupita miezi minne. Misheni za kwetu, hata kigango cha kijijini kwetu, zilikuwa na simu ya upepo, ile redio ya kuzungumzia. Ilifunguliwa saa saba mchana, kwa nusu saa tu, na kila misheni iliwasikia wenzake wote. Ukikohoa Nzega, wanakupa pole Urambo. Siku hiyo Sista Benedikta, msimamizi wetu, alikuja kuniita kwenye pasi. "Binti, baba yako yuko hewani."

Sauti ya baba ilikuja na mikwaruzo. "Mwanangu, ni mimi. Mdogo wako Vero uso umemvimba, na mikono. Kichwa kinamgonga tangu juzi, anasema anaona vimulimuli. Mkunga wetu anataka aende Urambo leo leo. Mama yako anasema, kwa nini tumpeleke kwa watu na mtu wetu yupo? Wewe ndiye nesi wa wazazi, tunakusikiliza wewe. Urambo, au tumlete kwako? Ova."

Veronika, mdogo wangu wa kunifuata, alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane. Na mimi nilijua. Sikuhitaji kitabu. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachobisha hodi, na Urambo walikuwa na dawa yake, saa mbili tu kwa baiskeli.

Utaniuliza, kwa nini hukusema tu "Urambo ni karibu", ukanyamaza na uongo wako? Ningeweza. Nimejiuliza hilo mpaka nimezeeka. Lakini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu "mleteni kwangu", na nesi anayemkwepa mdogo wake ni nesi wa namna gani? Niliogopa baba asije akauliza swali la pili, misheni zote zikisikia. Mwongo haogopi swali la kwanza, mwanangu, maana jibu lake analo. Nikabonyeza kitufe, nikasema, "Mleteni, baba. Ova."

Sista Benedikta alizima redio, akanigeukia. "Nesi wa wodi gani, wewe?"

Nikamweleza habari ya picha.

"Dalili hizo unazijua?"

"Nazijua, Sista."

"Na umesema aje huku." Hakupandisha sauti. "Kwao redio imeshafungwa. Kesho saa saba utakaa kwenye kiti hiki, umwambie baba yako ukweli, na mdogo wako aende Urambo."

Kesho yake nilikaa. Akapatikana katekista wa kijijini kwetu. Nikasema yote, mwanangu, misheni zote zikinisikia: mwambie baba sina kazi hospitalini, nilidanganya, ampeleke Vero Urambo sasa hivi. Kisha katekista akasema, "Wameondoka na treni ya asubuhi. Pole, dada. Ova." Aibu niliyoiogopa nilikuwa nimeinywa yote, na haikumsaidia mtu.

Sista hakukata tamaa. Aliwaita misheni ya Tabora, akawaomba wamtume mtu stesheni, awapokee na kumkimbiza mgonjwa hospitali ya palepale mjini. Mtu akaenda, na akawapata. Yaliyotokea pale alinisimulia mwenyewe baadaye, mzee mmoja mpole sana. Alimwamkia baba, akamwambia, "Mwanao wa Nzega anaomba mgonjwa atibiwe hapa hapa Tabora." Baba akamjibu, "Ndugu yangu, asante. Lakini kauli ya mwanangu nimeisikia jana kwa masikio yangu, kasema tumlete. Yeye ndiye nesi." Yule mzee alikuwa amesikia kila kitu redioni. Lakini angemwambiaje mtu mzima, mbele ya mgonjwa na abiria, kwamba binti yake si nesi wa popote? Akaona haya. Akawasaidia kubeba mzigo mpaka kwenye basi la Nzega. Simlaumu. Ile kauli yangu ilikuwa imeshapata nguvu kuliko mimi mwenyewe.

Wakafika Nzega kesho yake alasiri. Baba peke yake na Vero. Mume wake alibaki kwenye bani, maana moto wa kukaushia tumbaku ukizimika msimu wote umekwenda. Uso wa mdogo wangu sikuutambua. Macho yalikuwa yamefumbwa na uvimbe, akanitafuta kwa mkono. "Nimefika kwako, dada," akasema. "Sasa sina wasiwasi."

Degedege lilimshika tukiwa kwenye mkokoteni, hatujafika hospitali. Baba alibaki nyuma na mizigo, mimi nikakimbia na mkokoteni. Mlangoni mwa wodi nesi wa zamu alimpokea, akanisukuma kwa kiganja. "Ndugu wa mgonjwa kaa nje." Nikakaa nje, kwenye benchi, pamoja na ndugu wengine wa wagonjwa. Nilisikia vyuma vikigongana ndani, nilisikia wakiitana, na kila dawa waliyoitaja niliijua kazi yake. Sikuruhusiwa hata kumshika mguu.

Mkuu wa wodi alitoka, mama mmoja mnene aliyevaa miwani. Aliniambia mtoto ametoka amekufa, na mama hawakuweza kumrudisha. Kisha akauliza, si kwa ukali, ni kutaka kujua tu: "Mmetoka Urambo? Mmempitisha Urambo, mkampitisha na Tabora, mkamleta huku? Nani aliwaambia?"

Nilikwenda getini kumwambia baba. Alilia kama wanaume wa kwetu wanavyolia, kofia usoni. Halafu akaniuliza, "Ulikuwa naye mle ndani?"

Nikasema, "Nilikuwa naye, baba."

Unaona, mwanangu? Mdogo wangu hajapoa, na mimi bado nadanganya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi hata kifo hakikuniumbua, nilikitafutia nguo.

Tulimzika Nzega. Nikarudi na baba nyumbani, na katika matanga watu walikuja kunishika mkono. "Pole, nesi wetu. Walau amefia mikononi mwako." Mama alikuwa akiyarudia hayo kila akija mgeni. Yalimpa nguvu. Ile picha ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake. Katekista, naye Mungu amrehemu, hakumwambia mtu, aliniachia mwenyewe. Nilijichukia, nakwambia wazi. Nilikuwa naamka nimechoka na mimi mwenyewe.

Arobaini ilipopita nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta baba bandani, amekaa juu ya kigunia, anachambua majani ya tumbaku, mazuri huku, yenye madoa kule. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Pasi, studio, redio, benchi. Nilisema nikitazama mikono yake, na mikono ile haikusimama. Jani huku, jani kule. Nilikuwa nangoja anipige. Nilitamani anipige.

Alipofika mwisho wa fungu alilishika mkononi muda mrefu bila kulifunga.

"Ungesema tu," baba akasema. "Tungekutumia mahindi."

Basi. Hakuongeza neno siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka anakufa. Hakumwambia mama kamwe, na mimi sikumwambia.

Mahindi, mwanangu! Nilidhani kijiji kitanicheka, nilidhani baba atainamisha kichwa mbele ya wenzake. Kumbe jambo lote lilikuwa ni la gunia moja la mahindi kwenye treni, na maneno mawili matatu: vumilia, itapatikana. Nilimwogopa baba ambaye hakuwepo, nikamuua mdogo wangu kwa ajili ya kumridhisha baba huyo. Na usinipoze kwa kusema ni mipango ya Mungu. Wengi wamenipoza hivyo, na mimi huwaitikia kwa adabu tu.

Kazi nilikuja kuipata mwaka uliofuata, hospitali nyingine kabisa. Nikafanya kazi wodi ya wazazi mpaka nilipostaafu. Nimepokea watoto wengi. Kila mama aliyekuja uso umevimba nilimshika mkono mwenyewe, sikumwachia mwanafunzi, na wenzangu walinitania kuwa nina wivu na wagonjwa. Haikufuta kitu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wangu nimelala naye na kuamka naye.

Sasa nisikilize, maana haya sitayarudia. Nenda. Kutoka kwenu kutafuta kazi si kosa, na kuikosa si kosa vilevile. Kazi ya kibarua haimchafui nesi; piga pasi, kaanga maandazi, jitolee bila malipo ukiweza, cheti chako hakiozi. Ila siku ya kwanza ukifika huko, kabla hujafungua begi, wapigie simu nyumbani uwaambie ilivyo. Ukichelewa wiki moja, neno litakuwa zito. Ukichelewa mwezi, hutaliinua. Na ukumbuke hili ambalo chuoni hawakunifundisha: kwa watu wa kwenu wewe umekuwa nesi tangu siku ulipovaa sare. Wao hawangoji barua ya ajira. Ukisema "mleteni", watamleta, watazipita hospitali mbili wakifuata neno lako. Kwa hiyo mtu akikuuliza habari ya mgonjwa, jiweke wewe pembeni na hadhi yako. Mwambie aende palipo karibu, aende sasa. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi nilificha, na asiyezaa akawa Vero.

Na ile picha ya kwenye simu, kama na wewe unayo, ifute kabla hujapanda basi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe mwenyeji mwema na maji safi. Akupe kazi mapema. Na akiona vema kuichelewesha, basi akupe mdomo wa kusema, "Baba, bado sijapata."