Mpaka Apige Magoti

Mwalimu wetu wa hesabu aliacha kuingia darasani kwa sababu yangu. Nimejaribu mara nyingi kulisema jambo hilo kwa namna nyingine, kwamba aliacha kwa sababu ya hasira zake, au kwa sababu mkuu wa shule alimwogopa. Lakini kidato cha nne kizima kilijua jibu moja tu.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Songea. Walimu wengine wa hesabu walikuja wakahama. Yeye alibaki, kijana mwenye mwandiko mzuri ubaoni na shamba la mahindi kule bondeni, nyuma ya shule. Jumamosi tulikwenda kumsaidia. Hakuna aliyelazimishwa, ndivyo ilivyosemwa. Masika tulipalilia, baridi ilipoanza tulivuna, naye alitupikia mihogo na wiki iliyofuata akafundisha mpaka jua linazama. Wenzangu waliridhika. Mimi pia niliridhika, ila kila nilipotwishwa kiroba nilijiuliza kama ile mihogo ilikuwa shukrani au malipo, na kama ni malipo, nani alipanga bei. Sikumwambia mtu. Mambo kama hayo ukiyasema kwa sauti unaonekana mgonjwa.

Kitanda cha chini yangu alilala rafiki yangu, binti wa wakulima wa korosho kutoka Nalasi, kule Tunduru. Alitaka uuguzi kuliko kitu chochote, na hesabu ndiyo iliyomtisha. Tulipofungua shule alikuja na korosho za kukaanga, tukazila wawili tu, tukificha harufu kwa blanketi.

Mwaka huo mavuno yaliangukia mwezi wa Ramadhani. Rafiki yangu alikuwa amefunga, na bado alikwenda shambani kama wengine. Kutoka bondeni mpaka barabarani ni mlima, nasi tulipandisha mahindi kichwani. Katikati ya njia aliketi. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"We binti, hapo ni kwenu?" mwalimu alimwuliza. "Simama, gari linasubiri."

Alijaribu kusimama. Mahindi machache yalidondoka kwenye kiroba chake, naye akaanza kuyaokota huku anaomba msamaha.

Nilisema, "Mwalimu, huyu amefunga. Na hili si shamba la shule."

Sentensi ya kwanza ingesamehewa. Nimeipima sana ile ya pili, na sijui ilitoka wapi, maana mimi ni mtu wa kurudia salamu kichwani kabla ya kuitoa. Mwalimu alinitazama kwa utulivu.

"Kumbe tuna wakili," alisema. "Shusha mzigo, wakili. Nenda kapumzike."

Jumatatu hakuingia darasani. Jumanne pia. Kiongozi wa darasa alikwenda ofisi ya walimu kumwita, akarudi anakwepa macho yangu. "Amesema haingii mpaka wakili apige magoti hapa mbele, aombe radhi."

Mwanzoni walinitania. "Mheshimiwa wakili, wateja wako wanaomba uwaeleze miduara." "Wakili, kesi itasikilizwa lini?" Baadaye utani uliisha. Nilipokaa mezani, meza ilihama. Ndoo yangu ya maji niliikuta imemwagwa, nikaenda kuchota nyingine, nikaikuta nayo imemwagwa. Sikuwachukia. Mtihani wa taifa ulikuwa unakuja, na kila siku aliyokosekana mwalimu niliihesabu kama wao.

Niliyemngoja ni rafiki yangu. Nilidhani angalau yeye atakaa upande wangu, kwa kuwa neno lile nililisema kwa ajili yake. Alinifuata kwenye kamba za nguo, mikono yake ina povu la sabuni.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

"Ulikuwa unaanguka."

"Ningeanguka, ningeinuka. Nimefunga tangu nina miaka tisa, nimewahi kufa? Sasa hesabu atanifundisha nani? Wewe?"

"Nitakufundisha."

"Wewe mwenyewe unaokoteza." Kisha alilegea, akanishika mkono kwa ile mikono yenye povu. "Dada yangu, mpigie magoti. Wallahi ni dakika moja tu. Nifanyie mimi."

Nilijaribu. Nilikwenda peke yangu nyuma ya stoo ya majembe, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikatafuta maneno. Nisamehe mwalimu, kwa kusema amefunga? Alikuwa amefunga. Kwa kusema si shamba la shule? Halikuwa la shule. Pengine nisamehe kwa kusema mbele za watu. Hilo lilikaribia, lakini kila nilipolianza nililiacha katikati. Nikainuka, nikajipangusa. Jioni rafiki yangu alihamishia godoro lake kitanda cha mwisho, karibu na mlango.

Mkuu wa shule aliniita. Hakunifokea. "Mimi sioni kosa kubwa," alisema, "lakini mwalimu wa hesabu ninaye mmoja. Nikimpoteza yeye nimepoteza shule. Nikikupoteza wewe..." Akapiga simu nyumbani kwetu.

Mama alifika kwa bodaboda kutoka Mjimwema, amevaa kitenge cha kuendea kanisani. Mwalimu alimsalimia kwa adabu, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, baba." Nilidhani watazungumza ofisini. Lakini mama aliuliza, "Darasa ni lipi?" akatangulia.

Kwetu mwanamke hupiga magoti akimsalimia mkwe au mzee. Sijawahi kuona mama mtu mzima akimpigia magoti kijana ambaye angeweza kumzaa. Alikunja kitenge, akateremka polepole mbele ya ubao, mkono mmoja umeshika meza kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa bovu. "Baba," alisema, "huyu ni mimi nimemlea. Kama amekosa adabu, adabu hiyo nilikosa mimi. Tusamehe."

"Inuka mama, inuka jamani," mwalimu alisema kwa haraka, ameshikwa na haya. "Yameisha."

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anachonga penseli.

Mwalimu alichukua chaki. "Haya, tuliishia wapi?"

"Miduara, mwalimu!" Darasa zima lilijibu kwa furaha, na mama hajafika bado mlangoni.

Nilimsindikiza mpaka getini. Alikuwa na vumbi jeupe la chaki kwenye kitenge, akaninyima nafasi ya kumpangusa.

"Mama, kwa nini umepiga magoti?"

"Wewe ungepiga?"

"Nisingepiga."

"Basi." Akampungia mwenye bodaboda. "Rudi darasani, somo linakupita."

Hatujawahi kulizungumza tena. Mtihani tulifaulu wengi, na rafiki yangu ni muuguzi sasa, kwa jinsi nilivyosikia. Ujumbe wangu wa kumpongeza aliusoma. Hakujibu.

Mimi nina shahada, na ninajitolea katika ofisi moja hapa mjini nikingoja ajira. Bosi hunituma kumchukulia nguo kwa dobi, hunituma kumsubiri mtoto wake mlangoni mwa shule, na Jumapili iliyopita, badala ya misa, nilikuwa kwake nafua mapazia. Aliponiagiza pale ofisini, wenzangu walinitazama kuona kama nitasema kitu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Siku hizi nakubali mapema, nikiogopa kwamba nikichelewa kidogo mama ataitwa tena.

Bosi aliwaambia wenzake kwamba binti huyu amelelewa. Nilipomweleza mama, alifurahi sana.