Miezi ya Upepo Kando ya Moero

Mwaka ule tulipokwenda kuishi ndani ya gari, watu wa mtaa wetu huko Lubumbashi walisema mume wangu amerukwa na akili, na mimi nimemfuata kwa kuwa sina pengine pa kwenda. Hawakukosea sana.

Lilikuwa gari kubwa la wageni, la aina ile ambayo watu husafiri nayo na kulala humo humo. Lilikuwa na kitanda nyuma, meza ya kukunja, tangi la maji chini ya sakafu na paneli ya jua juu ya paa. Wazee wawili, mtu na mkewe, walikuja nalo kutoka mbali wakielekea kusini, injini ikawafia mjini kwetu. Mume wangu ni fundi wa magari. Alipowaambia kwamba chuma kilichovunjika hakipatikani, yule mama alilia kidogo, mumewe akatuandikia karatasi ya kutuachia gari, wakapanda ndege kurudi kwao. Likabaki uani kwetu miaka saba, kati ya mti wa avoka na ukuta wa jirani.

Mtoto wetu ndiye aliyeligeuza kuwa chumba. Tulikuwa naye mmoja tu. Nyumbani hapakukosa wageni wa kulala, binamu, wajomba, watu wa kutoka Mitwaba waliokuja kutafuta daktari, na yeye alipenda kusoma kimya. Akahamishia nguo zake garini, akaunganisha taa kwenye betri, akasoma humo mpaka akaingia chuo kikuu. Kila asubuhi nilimgongea kioo na kumpitishia chai dirishani.

Likizo moja alituaga, akasema anakwenda kumsalimu rafiki yake. Kumbe alikwenda na wenzake upande wa Kambove, kuchimba madini. Shimo likawaporomokea. Baba yake alikaa ukingoni siku tatu hadi walipomtoa. Mimi nilimwona mwanangu akiwa amekwisha kuoshwa, amevaa shati jeupe. Baba yake alimwona akitolewa udongoni. Wakati ule sikujua kwamba jambo hilo litatutenga.

Wakati wa kilio, wakati ndugu wamekaa kwenye mikeka wakiimba, mume wangu alikuwa amelala chali chini ya lile gari na spana mkononi. Shemeji zangu walikwenda kumwita, akawajibu kwamba anakuja, hakuja. Alichukua chuma cha lori, akakichonga, akakijaribu, akakichonga tena. Mwezi wa sita injini ikawaka. Ilinguruma hivi kwamba wanawake waliokuwa wakichambua sombe, majani ya mihogo, kwa jirani walisimama.

Aliniambia tunakwenda ziwani, Moero. Nikamuuliza kufanya nini. Akasema kule ni mchanga na maji, hakuna mtu anayechimba.

Sikumbishia. Mimi pia nilikuwa sitaki kuamka tena mbele ya ule ua. Tulichukua magunia mawili ya unga, mbabula, lile jiko letu, na makala yake ya moto, mafuta, chumvi, na blanketi. Barabara ilitupiga hadi Kasomeno, na baada ya hapo ikatupiga zaidi. Siku ya tatu tuliona maji. Mume wangu aliendesha polepole pembeni mwa ziwa, akapita kijiji cha kwanza na cha pili, akasimama mahali pasipo na nyumba isipokuwa vibanda vichache vya watu wanaokausha samaki.

Majuma ya kwanza yalikuwa mazuri, naona aibu kusema hivyo, lakini yalikuwa mazuri. Hatukuwa na umeme wa kukatika wala bomba la kusubiri. Paneli ilitupa taa na kuchaji simu, ingawa mtandao ulipatikana tu juu ya kilima, mwendo wa saa nzima. Nilinunua chisense, samaki wale wadogo kama kidole, kwa mama mmoja wa vibandani, mjane aliyenizidi umri kidogo. Tulikula bukari, ugali wetu, tukitazama maji. Mume wangu alianza kutengeneza injini za mitumbwi, watu wakamletea samaki na mihogo.

Tuliendelea kuitana papa na mama, kama tulivyoitana tangu mtoto azaliwe. Hatukuwa na majina mengine ya kuitana.

Kisha upepo ukaja. Nilikuwa nimeujua upepo wa kiangazi wa Lubumbashi, ule wa vumbi jekundu linaloingia kwenye sahani. Huu ulikuwa mwingine. Ulianza asubuhi jua likipanda, ukavuma kutoka ng'ambo hadi jioni, siku baada ya siku. Gari lilitikisika kana kwamba mtu analisukuma kwa bega. Mume wangu alilifunga kamba kwenye vigingi vinne. Mlango ukifunguliwa ilibidi mmoja aushike na mwingine apite. Mbabula haikuwaka nje, na ndani tuliogopa moshi, kwa hiyo mara nyingi tulikula bukari baridi ya jana. Turubai letu liling'oka, tukaliona likielea juu ya maji mpaka likazama. Mchanga uliingia kwenye unga, kwenye masikio, kwenye matandiko.

Tukiwa tumefungiwa ndani mchana kutwa, hatukuwa na la kusema. Mimi nilitaka kumzungumzia mtoto. Nilitaka kucheka kuhusu jinsi alivyokuwa akinirudishia kikombe dirishani bila kufumbua macho. Nilipoanza, mume wangu alisimama akatoka kwenda kukaza kamba ambazo zilikuwa zimekazwa. Nikajifunza kunyamaza. Na alipolala mchana, alilala ameugeukia ukuta, amekumbatia mto. Nilidhani amechoka.

Siku moja upepo ukapumzika. Maji yalitulia kabisa, na yule mjane alinipitia akisema anakwenda kufua, kesho upepo utarudi. Mume wangu alikuwa kijijini na injini ya mtu. Nikatoa kila kitu ndani ya gari. Nikafagia mchanga, nikafuta kuta, nikafua mashuka, blanketi, mapazia, foronya. Nilifua kwa sabuni nyingi na kwa nguvu zote. Ilikuwa siku ya kwanza tangu mazishi ambayo mikono yangu ilifanya kazi nikaifurahia. Hata niliimba.

Alirudi wakati nguo zinakaribia kukauka. Akaingia garini, akakaa kidogo, akatoka.

"Mama, ile foronya ya bluu iko wapi?"

"Niliifula. Iko ku kamba."

Alikwenda pale kwenye kamba, akaishika, akaiweka usoni. Alisimama hivyo muda mrefu, mgongo wake kwangu. Nilikuwa bado sijaelewa. Nilidhani analia kwa ajili ya jambo la kijijini.

"Harufu yake yote ilikuwa mule," akasema.

Nikaelewa kwamba kwa miezi ile yote alikuwa akilala na harufu ya mtoto wetu bila kuniambia. Kama angeniambia, ningelala upande wa pili wa mto ule ule. Nilitaka kumwomba msamaha na nilitaka kumpiga. Nilianua mashuka nikayakunja.

Hakunigombeza, hata mara moja. Ingekuwa afadhali. Alianza kulala kwenye kiti cha dereva. Upepo ulirudi kesho yake kama yule mama alivyosema, tukawa watu wawili ndani ya chumba cha hatua sita, kila mmoja akijitahidi asimguse mwenzake anapopita.

Nilipopanda kilima kupiga simu, dada yangu aliniambia mwaka unakaribia, familia inataka kutoa kilio, watu wanyolewe nywele, waoge, warudi kwenye maisha yao. Nilimweleza mume wangu wakati anakoroga chai. Nikamwambia twende wote, tutarudi baadaye ikiwa anataka. Alikoroga mpaka chai ikapoa.

"Miye nitabakia," akasema. "Weye enda, mama. Enda umulilie na bantu."

"Na weye?"

"Kule nitaona udongo kila siku."

Niliondoka juu ya lori la samaki, nimekaa juu ya magunia, nimejifunika kitenge kichwani. Mume wangu alinipandishia mzigo, akaufunga vizuri, akamwonya dereva kuhusu breki. Kilio tulikitoa bila yeye. Shemeji yangu mkubwa alikaa kwenye kiti cha baba wa mtoto. Watu waliniuliza yuko wapi, nikawajibu ukweli, kwamba ameshindwa. Wengine walimlaumu. Mimi sikuweza.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda kumtembelea. Nilibeba unga, dawa za malaria na sweta. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitamshawishi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Upepo ulikuwa ukivuma nilipofika. Gari lilikuwa limesimama juu ya matofali. Magurudumu hayakuwepo.

Nilimuuliza kama ameibiwa. Akasema hapana, alimpa mtu wa lori aliyekwama, mawili kwanza, kisha mengine mawili. Alisema hivyo akiangalia chini, akinipokea mzigo. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikuwa safi, na watu walikuwa wakimsalimu kwa heshima wakipita.

Nilikaa naye siku nne. Nilimpikia, tukala, alinisimulia kuhusu injini. Yale maneno yangu yalibaki tumboni. Siku ya mwisho tulikaa mlangoni tukiwa tumeegemeana kwa sababu ya baridi, na kwa mara ya kwanza alilitaja jina la mtoto wetu. Alilitaja tu. Mimi pia nikalitaja.

Lori lilipokuja, dereva aliniuliza kama tumngoje mtu mwingine. Nikamwambia hapana, twende.