Vichwa vya Karatasi Juu ya Tanuri la Jirani

Hivi wewe umewahi kuingia dukani kununua mkate, ukainua macho na kukuta vichwa vimepangwa juu ya tanuri, vina upara, havina macho, na vyote vimekuelekezea pua? Kama bado, basi siku ukivikuta usikimbie. Ni vya karatasi. Vimewekwa pale vikauke, na jioni wenyewe watakuja kuvichukua.

Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi, mwenye kazi hiyo yuko chumba cha pili, ukuta mmoja na mwokaji mikate. Amekaa kwenye kigoda, goti la kulia amelinyoosha mbele kwa sababu halikunjiki vizuri. Anateka karatasi zilizolowana kutoka kwenye ndoo, anazifunga ndani ya kipande cha pazia kuukuu na kuzikamua mpaka mishipa ya mikono inamsimama. Anachanganya na uji wa unga wa ngano, anatia chumvi kidogo isiote ukungu, kisha anakanda. Watoto wote wanaopita hapa humwita Mama Karatasi, na hata watu wazima wamelizoea jina hilo.

"Karatasi usiiharakishe," anasema bila kuinua uso. "Unaichana vipande vya ukubwa wa kucha, unailoweka siku tatu. Ukiitoa siku ya pili bado inajiona gazeti. Siku ya tatu imeshasahau, unaweza kuifanya unachotaka."

Ana miaka sitini na mitatu, na kazi hii ameifanya miaka kumi na sita. Kabla ya hapo alikuwa msafishaji wa vyumba katika nyumba ya wageni iliyoko ghorofani, juu ya karakana hii. Familia zilikuja mwisho wa juma kuutembelea mji, na yeye alitandika vitanda huku akiwatazama watoto.

"Mtoto analetwa mjini kutazama," anasema. "Tazama jengo hili, tazama daraja lile, usiguse, usipande, shika mkono wangu. Ikifika saa nne mikono yake inamwasha, anaanza kumpiga mdogo wake. Mzazi anasema mtoto ana utundu. Hana utundu wowote. Mikono yake tu imekosa kazi."

Siku moja mvua ilizuia watu ndani. Mtoto mmoja alilia kwenye korido mpaka wageni wa vyumba vingine wakafungua milango kulalamika. Mama Karatasi alichukua magazeti ya mapokezi na uji uliobaki jikoni, akamkalisha kwenye ngazi ya chini. Walipomaliza kulikuwa na kikaragosi chenye masikio ya tembo, na watoto wengine wanne wamepanga foleni. Mwenye nyumba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimkabidhi ufunguo wa stoo ya mashuka, na stoo hiyo ndiyo karakana ya leo.

Kinachoingia kinatosha kodi, unga na mboga. Kikizidi kidogo, ananunua rangi.

Saa tatu familia zinaingia. Watoto wanavaa mashati makuukuu ya watu wazima, vifungo vikiwa mgongoni. Wazazi wanaonyeshwa benchi refu ukutani.

"Wazazi wangu, karibuni," anawaambia. "Sheria hapa ni moja tu. Kalieni mikono yenu."

Baba mmoja mrefu anacheka. "Hata mimi?"

"Wewe hasa. Nimekuona ulivyomfunga mwanao vifungo."

Benchi zima linacheka, na mikono inaingia chini ya mapaja. Ameiweka sheria hiyo baada ya kuona vikaragosi vingi mno vinatoka na pua za kina baba. Anakumbuka mwaka ambao mke wa mwokaji, akiwa ndiyo kwanza ameolewa, aliiona sinia ya vichwa akadhani imesahauliwa, akaisukuma ndani ya tanuri. Watoto waliporudi jioni walikuta makaa. Aliwaeleza ukweli, wakaanza upya. "Hakuna mtoto aliyelia," anasema. "Aliyelia ni baba mmoja, ndipo tukajua pua ile aliitengeneza yeye."

Leo, mwishoni mwa benchi, kuna mama mmoja aliyevaa vizuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa bila kupinda. Naye amekalia mikono kama wengine. Huyo ni binti mkubwa wa Mama Karatasi. Amekuja na mumewe na mtoto wao wa miaka saba, na wamesema wamekuja kuutembelea mji.

"Mji gani?" Mama Karatasi ananong'ona akiwa ameinamia beseni. "Mtu amezaliwa hapa, autembelee nini? Wamekuja kunichukua."

Goti lilivimba mwaka jana, akalala kitandani wiki nzima bila kumwambia mtu. Habari zilipomfikia binti, aliamua palepale kwamba mama hawezi tena kuishi peke yake. Chumba kimepakwa rangi na godoro jipya limeshanunuliwa. Basi linaondoka kesho adhuhuri. Kila anapoulizwa, Mama Karatasi anajibu, "Tutaona, mwanangu." Tangu walipofika Ijumaa amekwishaona mara nyingi.

Kazi inaanza. Kila mtoto anapewa kipande cha boksi kilichokunjwa kuwa bomba la kuingia kidole, na donge la rojo la karatasi. "Anzeni na pua," anawaelekeza. "Pua ikishakaa, uso unajileta wenyewe."

Ya mjukuu wake haikai. Inateleza kwenye shavu, inateleza kidevuni, inaanguka mezani. Mara ya tatu binti anainuka kwenye benchi.

"Mikono," anasema Mama Karatasi.

"Mama, si unaona pua inaanguka?"

"Inamwangukia yeye. Wewe inakudondokea wapi?"

Binti anakaa, uso ameukunja. Mume wake anatazama dari asije akacheka.

"Bibi, hii pua inanidharau," anasema mjukuu.

"Iulize ina nini."

Mtoto anaibonyeza kwa kidole gumba. Maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Ina maji mengi."

"Basi umeshajua dawa yake."

Mtoto anaikamua, anaibandika tena, anashikilia pumzi. Inakaa. Ni pua kubwa kuliko uso, imelalia upande wa kushoto, na mwenyewe anaitazama kama mtu aliyejenga nyumba.

Wenyeji wa kazi hii wanajua tatizo moja ambalo mgeni hawezi kulifikiria. Kichwa cha karatasi kikiachwa kivulini kinataka siku mbili kukauka, na familia ya matembezi haina siku mbili. Miaka ya mwanzo watoto waliondoka na vichwa vibichi, wakafika kwao na uji ndani ya begi. Ndipo mwokaji alipotoa mgongo wa tanuri lake. Sasa asubuhi watoto wanaumba, mchana familia zinakwenda kuzunguka, na saa kumi wanarudi kupaka rangi na kuvisha nguo. Vichwa vinatoka vimekauka kabisa, vinanukia mkate.

Mwokaji anakuja mwenyewe kubeba sinia. "Leo umeniletea wateja wangapi, jirani?"

"Wengi. Lakini hawali."

Anasimama mlangoni, sinia mikononi. "Nasikia unachukuliwa."

"Nani kakwambia?"

"Binti yako jana alinunua mkate. Nikamuuliza mama akiondoka nitaweka nini juu ya tanuri. Akasema nitapata kitu kingine tu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitapata vumbi."

Mama Karatasi anafuta meza. Anaifuta mara mbili pale ambapo tayari ni safi.

Alasiri familia zinarudi zikiburuta miguu, watoto wakiwa ndio wazima kuliko wote. Rangi zinamwagwa, vitambaa vinagombewa. Pazia linafungwa kati ya viti viwili, na vikaragosi vinajitokeza kimoja kimoja. Cha baba mrefu, yaani cha mwanawe, kinatangaza kwamba viatu vinamuuma na hataki kuona jengo lingine. Baba anaitika kwamba amesikia. Cha mjukuu kinatokeza pua kwanza, na uso unafika baadaye.

Hadi saa kumi na mbili wageni wamekwisha. Mkwe amemkalisha mtoto dirishani wanahesabu njiwa wa paa la jirani. Binti anaosha brashi kwenye karai, anazipanga kwa urefu.

"Mama," anasema, "mume wangu anataka kwenda stendi kabla hawajafunga. Akate tiketi tatu au nne?"

Maji yanadondoka kutoka kwenye brashi.

"Kwangu hutainua hata kijiko. Utakaa, utapumzika. Umefanya kazi vya kutosha."

"Ndiyo hiyo," anasema Mama Karatasi.

"Ndiyo hiyo nini?"

Anakaa kwenye kigoda, anakanda goti polepole. "Mwaka juzi nilipokuja kwako, nililoweka karatasi uani. Unakumbuka?"

"Uani wapi?"

"Karibu na bomba. Kwenye ndoo ya bluu. Nilitaka kumtengenezea mjukuu wangu kikaragosi. Siku ya tatu nikaamka, nikakuta ndoo imesuguliwa, imefudikizwa."

Brashi inabaki mkononi mwa binti. "Ile ndoo? Mama, nilidhani ni maji ya kudekia yamesahauliwa. Yalikuwa yameanza kunuka."

"Yalikuwa tayari."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeamka alfajiri ili nikute ua ni safi. Ningeanzia wapi?" Anatazama mikono yake, ameilaza mapajani. "Nikakaa. Nikichukua kikombe nikioshe, unanipokonya. Nikishika ufagio, unanipokonya. Nyumba yako nzuri, mwanangu, na chakula nilishiba. Lakini nilikaa mwezi mzima kama wale wazazi wa kwenye benchi, mpaka nikasingizia kliniki ya goti nikarudi."

Binti anaketi juu ya ukingo wa meza, jambo ambalo kwake haruhusu. "Mimi nilidhani nakupumzisha."

"Najua ulidhani hivyo. Ndiyo maana nilinyamaza."

Mkwe amegeuka kutoka dirishani, lakini habari za stendi haulizi yeye. Ni mkewe anayeuliza, sauti imeshuka. "Kwa hiyo tiketi tatu."

"Kesho, tatu. Mvua zikianza wageni hukatika hapa, hata miezi miwili mlango haugongwi, na baridi ya chumba hiki goti haliiwezi. Hapo njooni mnichukue, nitakuja bila kubembelezwa. Wageni wakirudi, na mimi mnirudishe."

"Na goti likivimba tena ukiwa peke yako?"

"Nitamwambia mwokaji siku hiyohiyo, naye akupigie simu. Sitalificha tena."

Binti anamtazama mama yake kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho kabla ya kukata. "Haya," anasema. "Na ukija, mama, unataka nikuwekee nini? Usiniambie chochote kitafaa. Sema."

Mama Karatasi anafikiri. Hajazoea swali hili likija upande wake.

"Nataka ndoo," anasema. "Niiweke uani, kwenye kivuli. Na ikianza kunuka, muiache inuke."