Koti Langu na Bawa la Ndege

Bado nikikumbuka Jumamosi ile, masikio yananiwaka moto.

Lusajo, bosi wangu pale gereji Tukuyu mjini, aliagiza ndege ya kujiundia mwenyewe, maana siku hizi kila kitu kinaruhusiwa kuingia nchini. Ikaja vipande vipande ndani ya makasha. Siku ya kufunga bawa, shemeji yangu Ambakisye, kaka wa mke wangu, alilishika kule nchani. Mimi nilisimama penye maungio ya bawa na mwili wa ndege, nimevaa koti langu refu la mtumba kwa sababu ya baridi ya mvua. Nikapachika bolti, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote.

Nilipotaka kuondoka, nikahisi navutwa koti kwa nyuma. Asubuhi Ambakisye alikuwa amelicheka koti hilo hilo, akisema ni la kike. Damu ikanichemka.

"Niachie koti!" nilifoka bila kugeuka. Nikapiga hatua, nikavutwa tena. "Mpumbavu wewe, mwizi wa ndizi! Ukoo wenu mzima hamna adabu!"



"Shemeji, unamtukana nani?" Ambakisye akauliza kutoka mbali, mikono yake yote miwili ikiwa bado kwenye ncha ya bawa.

Nikageuka. Nyuma yangu alisimama baba mkwe, aliyekuja kutoka Masukulu kuiona ndege, kofia mkononi.

"Mimi sijakugusa, mkwe wangu," alisema taratibu. "Koti umelifungia kwenye bawa wewe mwenyewe."