Nyongeza ya Volti

Pauni kumi na nane, na miksa ya wifi yangu juu yake: ndivyo ulivyonigharimu ushindi wangu sokoni Woolwich, London.

Wifi huimba taarab kwenye harusi. Transfoma ya miksa yake ya sauti ilikufa, nikajitolea kumtafutia nyingine. Muuzaji, Mkongo, alikuwa nazo mbili: ya volti kumi na nane, ndiyo iliyotakiwa, na ya thelathini, ghali zaidi. Nikavutana naye bei mpaka akanipa kubwa kwa bei ya ndogo.

"Mama, hii itakuzidia."

"Nani amekataa nyongeza, baba?"

Ndani ya miksa mna vidude viwili vya kupunguza volti, kimoja cha upande chanya, kimoja cha upande hasi. Hicho cha hasi mwisho wake ni kuingiziwa volti thelathini na tano. Umeme wa transfoma yangu, ukishanyooshwa kutoka AC kuwa DC, hupanda kutoka thelathini hadi arobaini na mbili. Hesabu hiyo niliipiga mara mbili, baada ya kuifunga, kuwasha na kusikia paa! Cha chanya kimepona, ni cha aina ngumu zaidi. Miksa sasa inanguruma tu.

"Nyongeza yako," wifi akasema, "Jumamosi utaiimbia wewe."

Harusi atakayoimba ni hiyo Jumamosi. Anayejua anishauri: nikibadilisha kidude kile na kufunga transfoma ndogo, niwashe tu, au nyuma yake kuna vingine vilivyoungua?