Mikono Yote Miwili

Juzi, kwenye mapokezi ya hospitali moja hapa Goma, muuguzi alimwambia muzee aliyekuwa mbele yangu, "Papa, inua mikono yote mbili."

Muzee akainua wa kuume. Wa kushoto ulibaki pajani kama si wake, na mdomo ulikuwa umekwenda upande.

"Mbili, Papa!"

"Huu umenikatalia. Waasi niliwainulia yote mbili bila shida."

Foleni nzima ikacheka, mimi nikiwapita wote, kama kawaida yangu.

Muuguzi hakucheka. "Ni kiharusi. Munapikia wapi?"

"Ndani," mkewe aliyesimama kando yake akajibu. "Tunafunga mlango na dirisha, jiko la makala kando ya kitanda."

"Mama, moshi wa makaa kila siku nao unaharibu mishipa ya damu."

"Na inje ni majivu ya volkano na risasi. Nipikie wapi, munganga?"

Muuguzi akaita machela.

Shule niliiacha mapema, ila kwa kukimbia mimi ni bingwa: lava niliikimbia, risasi pia. Kumbe moshi nami nimeufungia ndani, ninalala nao.

Wakati wa kumpeleka muzee wodini, mkewe aliushika ule mkono wa kushoto, akauinua sawa na mwenzake. Alipouachia, ukaanguka. Safari hii sikucheka.